Majibu Aliyoyafuta Pacha Wangu

Mimi na dada yangu ni mapacha. Yeye alitangulia kutoka, mimi nikamfuata, na mama alikuwa na mzaha wake juu ya jambo hilo. Aliwaambia wapangaji wenzake uani kwamba wa kwanza alikuwa na haraka ya kutoka, akasahau akili ndani, na wa pili alipokuja akazibeba zote. Watu wakacheka. Mama mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga, na dada naye alicheka, maana mzaha ulikuwa mzuri na mama hakuwa na vitu vingi vya kumchekesha. Mimi niliyesemwa kuwa na akili sikuwa nazo za kutosha kujua kwamba mtoto akichekeshwa kila siku kwa jambo lilelile, mwisho huliamini.

Tulikaa Kariakoo, mtaa wa Sikukuu, chumba cha nyuma katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Baba alikwisha kurudi kwao Lindi, akaacha ahadi ya kuja kutuchukua. Mama alikwenda Feri alfajiri kununua samaki mnadani, na jioni aliwakaanga barazani. Kazi yetu ilikuwa kuparua magamba tukitoka shule.

Mama aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mapacha lazima watendewe sawa. Ukimpa mmoja gauni na mwenziwe asipate, huyo asiyepata ataugua. Hata Mhindi tuliyenunua kwake madaftari alilijua hilo. Akitupa peremende alitoa mbili, za rangi moja, na kama rangi moja zimekwisha alitunyima wote kwa amani. Kwa hiyo tuligawiwa kila kitu sawasawa isipokuwa ule mzaha.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka tuliyoyajua yana rafu tupu na muuzaji anayesinzia yalianza kujaa vitu, na vingine hatukuwa na majina yake. Foleni za sabuni zikaisha. Watu wakatandika mitumba chini kuzunguka soko mpaka njia ikawa haipitiki. Kwetu sisi wa shule, kilichokuja na ruksa kilikuwa raba za kufutia. Kabla ya hapo tulifuta makosa kwa kipande cha kandambili iliyokatika, ukurasa ukabaki na doa jeusi, au tundu. Sasa zikaja raba laini za rangi, zinanukia matunda ambayo hatujawahi kuyaona. Mama akanunua mbili. Yangu niliitafuna kidogokidogo kwa ajili ya harufu. Ya dada iliisha kwa kazi.

Kazi hiyo niliiona kila siku kwa sababu tuliketi dawati moja. Dada alifanya hesabu yake taratibu, midomo ikisogea, akapata jibu. Kisha akachungulia daftari langu. Majibu yakilingana alishusha pumzi. Yakitofautiana alichukua raba. Hakujiuliza nani kati yetu kakosea. Alifuta lake, akapuliza vumbi, akaandika langu. Nami nilikuwa mtu wa haraka, nikikosa mara nyingi kuliko watu walivyodhani, kwa hiyo tulikosa wote wawili, kosa lilelile. Mwalimu akisahihisha alisema mdogo kapitiwa, mkubwa kaibia.

"Mbona umefuta?" nilimwuliza siku moja. "Lako lilikuwa sawa."

"Wewe si ndo mwenye akili," akasema.

Hakusema kwa wivu. Ningefurahi angesema kwa wivu, maana ugomvi wa wivu tungeumaliza kwa kuvutana nywele. Alisema kama mtu anayekuambia leo ni Jumanne.

Tulipoingia darasa la saba walimu walianzisha twisheni za mchana. Ruksa ilikuwa imefika hadi darasani: kile kilichofundishwa asubuhi nusunusu, mchana kilifundishwa chote kwa waliolipa. Hapo ndipo mama alipovunja mwiko wake kwa mara ya kwanza. Alinipeleka mimi peke yangu. Nilisubiri dada augue. Hakuugua. Alisema, "Sawa mama," akachukua kisu na beseni la samaki akaenda uani.

Nilikasirika kwa niaba yake, kwa kuwa mwenyewe hakukasirika. Nikawa nikirudi twisheni nakaa naye kwenye lile beseni, namfundisha yote niliyofundishwa. Alishika haraka. Nilimtupia swali naye akajibu bila kuinua kichwa, mikono kwenye magamba, na alipatia, tena yale magumu ya asilimia na mafungu alipatia kabla yangu. Mikono imejaa shombo, hakuna daftari, hakuna raba. Lakini tukiingia ndani na kuandika maswali yaleyale kwenye karatasi, alianza tena kunichungulia. Nilijaribu kuficha daftari langu kwa mkono. Aliacha pengo, akasubiri niondoe mkono. Siku nyingine niliandika majibu ya uongo makusudi, nione atafanya nini. Akayanakili yote. Nilitamani kumpiga.

Siku ya mtihani wa taifa tulipangwa kwa namba, na namba zetu zilifuatana. Chumba cha kwanza kilijaa kwangu. Yeye akaanzia chumba cha pili. Aligeuka mlangoni akanitazama, na hadi leo naikumbuka sura ile. Mtu anayelazwa wodini peke yake ndivyo anavyowatazama waliomleta.

Mimi nilimaliza hesabu kabla ya wote. Nikafunga mikono, nikawaangalia wenzangu wanaotokwa jasho, nikawaonea huruma. Msimamizi alipita akaniuliza kama nimehakikisha. Nikasema ndiyo mwalimu. Nilikuwa na uhakika, na sikuona haja ya kuitazama karatasi mara mbili.

Nje, chini ya bomba la maji, watoto walikuwa wakibishana juu ya swali la tangi.

"Tangi gani?" nikauliza.

Wakacheka. Walidhani nawatania, mimi kipanga wao wa hesabu. Dada akaninong'oneza, "Lile la nyuma ya karatasi ya mwisho. Yalikuwa maswali mengi kule nyuma." Sikuwa nimeigeuza ile karatasi.

Nikamvuta pembeni nikamwambia. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Labda chumba chenu hawakuweka." Hata pale, kosa langu lilipokuwa wazi kama jua la saa saba, alinitafutia udhuru.

"La tangi ulijibu nini?"

Akanitajia. Nikalifanya kichwani. Lilikuwa sahihi.

"Na hukufuta?"

"Nilitaka kufuta," akasema. "Sasa sikuwa na pa kuangalia."

Matokeo yalipokuja mwalimu mkuu aliyasoma mbele ya shule, wazazi wakiwapo. Wasichana waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache mno. Akasoma jina la dada. Akasubiri kidogo, akateremsha macho kwenye karatasi kutafuta la kwangu, halikuwapo. Akaturudia sisi. "Hili ni la yupi?" akauliza, kana kwamba jina lina utata. Watu wote wakanitazama mimi. Wasichana wa nyuma walikwisha kunishika mabega wakinipongeza.

Nikasema kwa sauti, "Ni la dada. Amefaulu dada."

Na dada, aliyesimama ubavuni pangu, akasema, "Wamekosea. Ni lake."

Mama aliitwa ofisini pamoja na mjomba, kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa baba yetu kwenye mambo ya ofisini. Sisi tulisimama mlangoni. Mwalimu mkuu alieleza kwa upole. Namba zinafuatana, majina yanakaribiana, wasahihishaji ni binadamu. Kuandika barua ya kuuliza ni kupoteza mwaka, na nafasi atapewa mtoto wa mtu mwingine. "Watoto wenyewe ni sura moja," akasema. "Aende anayejua kusoma."

Hakuna aliyeshtuka. Siku zile kusoma kwa jina la mtu mwingine kulikuwa jambo la kawaida mjini. Ulimjua fulani mtaani kwa jina hili na shuleni kwa lile, na hukuuliza. Aliyefaulu akiolewa au akikosa wa kumsomesha, nafasi yake ilikaliwa. Tofauti yetu ni kwamba aliyefaulu alikuwapo pale pale mlangoni, mzima, na hakuna aliyemwona.

Nikaingia bila kuitwa. Nikasema juu ya karatasi ambayo sikuigeuza. Nikasema juu ya tangi. Nilikuwa nalia, na kilio kiliniharibia ushahidi. Mjomba akatikisa kichwa akitabasamu. Mama akanivuta akanifuta uso kwa khanga yake iliyonuka mafuta ya samaki.

"Unamtetea mwenzio," akasema. "Mapacha ndivyo mlivyo. Mungu awazidishie."

Wakanisifu kwa moyo mzuri. Nilichanganyikiwa kabisa. Kila nilichosema kilizidi kuthibitisha kwamba mimi ndiye mwenye akili na pia ndiye mwenye huruma, na dada akazidi kupungua. Nilimgeukia yeye. Nilidhani atasema hata neno moja kuhusu lile tangi. Alikuwa akimtazama mama apate kujua kama mambo yamekwisha.

Sare ilishonwa moja. Hata hivyo sikukata tamaa upesi. Nilifikiri, kama hakuna anayeweza kututofautisha, basi jambo hilohilo litusaidie. Siku ya kwanza ya shule nilimvalisha dada ile sare chumbani, mama akiwa Feri. Nilimwambia aende akaone tu, siku moja, kwa jina lake mwenyewe. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamwambia nitakunywa mafuta ya taa. Akakubali kwa ajili ya mafuta ya taa. Nilimsindikiza mpaka karibu na lango, nikamwona anaingia na daftari lake kifuani, na nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani naruka madimbwi.

Mchana alirudi. Akavua sare, akaikunja, akaiweka juu ya kitanda changu.

"Sikuelewa hata neno," akasema.

Mwalimu alikuwa ameingia darasani na kuanza kusema Kiingereza, na aliendelea na Kiingereza hicho hadi kengele ilipolia. Akaingia mwingine, naye hivyohivyo. Sisi tulisoma miaka saba yote kwa Kiswahili. Kiingereza chetu kilikuwa cha kusalimia na kutaja vitu vya darasani, dirisha na chaki.

"Sasa nani aliyeelewa?" nikamwuliza.

"Wenzangu walikuwa wanaandika."

"Wananakili ubaoni hao. Wewe hukunakili?"

"Nimenakili," akasema. "Lakini sijaelewa. Umeona basi? Ile nafasi si yangu."

Kesho yake nilikwenda mimi, mama akinisimamia nivae. Akaingia mwalimu yuleyule na Kiingereza chake. Sikuelewa hata neno. Nikatazama kushoto na kulia, nikaona nyuso za watu waliopotea, nikafikiri: huyu mwalimu hajui kufundisha. Nikakaa nikisubiri ajifunze.

Hayo ndiyo yote yaliyotutenganisha mimi na dada yangu. Tuliketi dawati lilelile, siku mbili zilizofuatana, tukakosa kuelewa maneno yaleyale. Yeye akajilaumu, mimi nikamlaumu mwalimu. Nilirudi nyumbani mbio kumwambia. Nilimwambia sikuelewa chochote, hakuna aliyeelewa, darasa zima ni mabubu, arudi tu. Alikuwa anaparua samaki. Akatabasamu, tabasamu la mkubwa kwa mdogo.

"Wewe utaelewa," akasema.

Na kweli nikaelewa. Ilichukua muda, lakini nilielewa, kwa sababu sikuwahi kufikiri kwamba sitaelewa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lile la dada lilikuja polepole mpaka likafika. Alizoea kutosoma, akaanza kusahau hata yale aliyoyajua, na mtu asiyetujua akituona sasa atasema mama hakukosea.

Nilipomaliza kidato cha nne tuliitwa jukwaani mmoja mmoja kupokea vyeti vya kuhitimu. Likatajwa jina lake, nikasimama mimi. Yeye alikuwa kwenye viti vya wageni na mama, amevaa gauni linalofanana na langu, maana mama alikuwa bado anashika ule mwiko wa mapacha. Jina lake liliposomwa alipiga makofi kuliko watu wote, akapiga na vigelegele. Nilipokea cheti nikiwa natazama chini. Wageni walidhani ni haya za msichana.

Nimeishi kwa jina lake tangu hapo. Nimeajiriwa nalo, nimeolewa nalo, wanafunzi wangu wananiamkia kwalo, maana mimi ni mwalimu. Yeye alichukua langu. Kwenye karatasi zote za nchi hii, yule aliyeacha maswali ya nyuma ni yeye. Nimejaribu kulizungumza naye mara nyingi. Tukiwa wawili tu hunisikiliza hadi mwisho, kisha husema, "Acha zako bwana, si yamepita," na kuniwekea samaki mkubwa kwenye gazeti. Mama alifariki akiamini alivyoamini. Siku ya mazishi niliona uchungu ambao sikuweza kumweleza mtu: nilikuwa namlilia mama, na nilikuwa bado nina kesi naye.

Darasani ninawajua watoto wa aina ya dada. Nikiingia tu nawaona, wale wanaotazama pembeni kabla hawajatazama swali. Nawaketisha peke yao mbele. Nawauliza kwa mdomo, nawanyima raba, na wapo walioinuka nikawaona wakiinuka. Wazazi wao huja kunishukuru. Huwa nawajibu ahsante nikitamani watoke upesi.

Dada amerithi baraza la mama na karai lake. Ana binti mmoja, sasa yuko darasa la sita, na jioni anafanyia kazi zake za shule kwenye kigoda pembeni ya karai. Juzi nilipita hapo.

"Shikamoo mama mdogo," akaniamkia.

"Marahaba. Unafanya nini?"

Akanionyesha. Ilikuwa hesabu ya asilimia, ndefu, imepangwa vizuri hatua kwa hatua, na jibu lake chini limepigiwa mistari miwili. Niliipitia mara mbili. Siku hizi mimi hugeuza kila karatasi.

"Sahihi kabisa," nikamwambia. "Hii ngumu. Nani kakusaidia?"

"Hakuna." Akamtazama mama yake kwanza, kisha akanitazama mimi. "Mama mdogo, eti kweli mlipofanya mtihani, mmoja wenu alifaulu na mmoja akafeli?"

"Kweli."

"Nani alifaulu?"

Niliona kwamba hapa ndipo, kwamba kama sikuweza kwa mama wala kwa mwenyewe, huenda nitaweza kwa huyu.

"Mama yako," nikasema. "Mama yako ndiye aliyefaulu. Mimi nilifeli."

Dada akacheka. Alicheka akiwa ameinamia karai, mwiko mkononi, mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga.

"Mama yako mdogo huyo anapenda utani," akamwambia. "Mimi na shule wapi na wapi? Akili zote alichukua yeye. Mimi nilizisahau ndani."

Mtoto naye akacheka. Mzaha bado ni mzuri. Nikataka kusema tena, niape hata kwa kaburi, lakini nilimwona mtoto akinitazama kwa huruma kama mjomba alivyonitazama siku ile, nikaacha.

Akaliinamia daftari lake. Akalitazama lile jibu kwa muda, midomo ikisogea. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa sketi, akatoa raba, akaanza kufuta.

"Unafuta nini?" nikamwuliza. "Si nimekuambia ni sahihi?"

Akapuliza vumbi. "Ndiyo mama mdogo," akasema. "Lakini wewe ungeandika ngapi?"